Saa Moja ya Simu Si Saa Moja Yetu: Dhana Potofu Kuhusu Lugha na Eneo Kwenye Programu

Mama mkubwa aliachwa na basi la Mwanza. Hakuchelewa, na hilo ndilo linalouma. Alifika stendi ya Mbezi saa tano na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya muda, begi mkononi na kikapu cha maembe, kwa sababu tiketi aliyotumiwa kwenye simu ilisema: "Muda wa kuondoka: 6:00". Basi lilikuwa limeondoka tangu saa kumi na mbili alfajiri. Tiketi yenyewe ilikuwa ya Kiswahili tupu: jina la abiria, namba ya kiti, na "Safari njema" chini kabisa. Yeye akaisoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili 6:00 ni saa sita. Nani atamwambia kwamba alikosea?

Riziki yangu iko kwenye kutafsiri na kukagua maandishi ya programu, kwa hiyo familia nzima ilinigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyeandika tiketi ile. Sikuiandika. Lakini kisa hicho kilinikumbusha mambo ninayoyasikia kila siku kuhusu namna simu na kompyuta zinavyojirekebisha kufuata lugha na mahali pa mtumiaji. Mengi yanayosemwa si kweli.

"Ukiweka Kiswahili, simu yote inakuwa ya Kiswahili"

Ukiingia kwenye mipangilio ukachagua Kiswahili, umebadilisha maneno ya kwenye skrini. Eneo ni kitu kingine, saa za eneo ni kitu cha tatu, kibodi ni cha nne. Unaweza kuandika Kiswahili kutwa nzima kwa kibodi ya Kiswahili huku menyu zote zikiwa za Kiingereza, na unaweza kuwa na menyu za Kiswahili huku kibodi ikikusahihisha kwa Kiingereza kila ukiandika "nini".

Lugha na eneo huunganishwa na msimbo mfupi ambao programu hupeana kimyakimya: sw-TZ, sw-KE, sw-UG, sw-CD. Herufi ndogo za mwanzo ni lugha, zile kubwa za mwisho ni nchi: TZ Tanzania, KE Kenya, UG Uganda, CD Kongo. Lugha inaamua maneno. Nchi inaamua tarehe iandikwe vipi, wiki ianze siku gani, sarafu iwe ipi, na hata karatasi iwe ya ukubwa gani. Vilevile ipo en-TZ, kwa Mtanzania anayetaka maneno ya Kiingereza lakini tarehe na shilingi za kwao. Wengi hawaijui, wanaacha kompyuta kama ilivyotoka dukani, yaani en-US: Kiingereza cha Marekani na desturi za Marekani.

Ndiyo maana kwenye steshenari utaona printa imewasha taa ya kosa, inadai karatasi ya Letter, na trei imejaa A4 hadi juu. Letter ni milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297. Marekani na nchi chache hutumia Letter; sisi tunatumia A4. Kijana wa steshenari anafungua na kufunga trei, anazima printa, anawasha, wateja wamepanga foleni. Printa ni nzima. Ni kompyuta inayodhani iko Ohio.

"Saa ni namba tu, haina lugha"

Hapa nitakaa kidogo.

Kwa Mswahili siku ina saa kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku, zikihesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapozama. Karibu na ikweta hesabu hiyo ina mantiki kamili, maana jua huchomoza na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza imepita tangu kupambazuke. Waethiopia nao huhesabu hivyohivyo. Simu hazihesabu hivyo.

Watu hudhani kwamba mahali fulani kwenye mipangilio kuna kitufe cha "saa za Kiswahili", ila hawajakiona. Hakipo. Kwenye data ambazo simu na kompyuta nyingi hutumia kupanga tarehe na saa, Kiswahili kimewekewa majina ya vipindi vya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Ni kazi nzuri. Namba lakini imeachwa ya kimataifa. Matokeo yake programu inaweza kuchukua saa 20:00 ikakuandikia "8:00 usiku". Isome tena kwa sauti: saa nane usiku. Kwetu saa nane usiku ni usiku wa manane, watu wamelala fofofo, na programu inamaanisha muda wa taarifa ya habari. Neno sahihi limekaa pembeni ya namba sahihi, na vyote viwili kwa pamoja ni uongo wa saa sita.

Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko kuacha "8:00 PM" kama ilivyo. Ukiona PM unajua uko ugenini, unatoa sita kichwani. Ukiona "usiku" unajisikia nyumbani, unalegeza akili. Tiketi ya mama mkubwa ilimlegeza akili namna hiyo: maneno yote ya kwetu, namba ya watu wengine.

Siku hizi, nikiulizwa na mtengenezaji wa programu, ninamwambia aandike vyote viwili bila aibu: saa 12 asubuhi, kisha 06:00 yenye sifuri mbele. Sifuri ile inasaidia sana. Hakuna Mswahili asemaye "saa sifuri sita".

Kuna ujanja mmoja ambao binamu yangu wa Tanga aliugundua, na sijui kama nimsifu au nimcheke. Ameweka saa ya simu yake ifuate Tokyo. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, Tokyo iko saa 9 mbele, tofauti ni sita kamili, na Wajapani hawasogezi saa kufuata majira. Ukitumia mtindo wa saa kumi na mbili, simu yake inasoma 1:00 sisi tukiwa saa moja asubuhi, na 1:00 tena tukiwa saa moja usiku. La kupendeza zaidi: tarehe ya Tokyo hubadilika huku kwetu ikiwa saa kumi na mbili jioni, jua likizama, sawasawa na hesabu ya wazee ambao kwao usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. La kuudhi: miadi anayowekewa na wenzake kwenye kalenda inamchanganya, maana anaambiwa kikao ni 4:00 PM kwa saa ya Tokyo, na sisi wote tunaingia saa nne asubuhi. Kwake maneno ni uongo na namba ni kweli.

"Wiki inaanza Jumatatu, kila mtu anajua"

Jina lenyewe linakataa. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni ya tatu. Wiki ya Kiswahili inaanzia baada ya Ijumaa. Halafu tunafika Jumatano, ya tano, na kesho yake ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Lubumbashi kuna wanaohesabu kuanzia siku ya kazi: siku ya kwanza, ya pili, hadi siku ya tano, kisha siku ya posho na siku ya yenga, ambayo ni Jumapili. Siku yao ya tano ni Ijumaa. Tuna siku tatu zinazofuatana na zote ni "tano".

Programu haziangalii jina hata kidogo. Zinaangalia nchi. Katika data ambazo programu nyingi hutegemea, Kenya wiki huanza Jumapili, Tanzania huanza Jumatatu, Oman huanza Jumamosi. Lugha ileile, jamaa walewale, kalenda tatu tofauti. Ndugu yako wa Mombasa akikutumia picha ya kalenda yake na kusema "angalia safu ya tatu", yeye anamaanisha Jumanne, wewe uliye Tanzania unaona Jumatano.

"Mipangilio ya eneo ni mapambo"

Yaani inabadilisha sura tu, hesabu zinabaki salama. Waulize waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa.

Chukua orodha ya marejesho iliyoandikwa kwa desturi yetu, siku kwanza kisha mwezi, ukaiingize kwenye Excel ya kompyuta iliyowekwa eneo la Marekani. Malipo ya 05/03/2025, tarehe tano Machi, yatageuka Mei 3. Malipo ya 17/03/2025 hayatageuka, kwa sababu mwezi wa kumi na saba haupo. Yatabaki kama maandishi ya kawaida, yasiyohesabika kama tarehe. Hakuna onyo wala mlio. Nusu ya daftari inahama miezi, nusu nyingine inaacha kuwa tarehe, na mkopaji aliyelipa Machi anaonekana kalipa Mei, na riba juu.

Dalili ni ndogo ila ipo: tarehe ambayo Excel imeielewa husogea upande wa kulia wa kisanduku, isiyoeleweka hubaki kushoto. Ukiona safu ya tarehe imeyumba, nyingine kulia nyingine kushoto, simamisha kazi. Siku zenye utata si chache. Kila mwezi una tarehe kumi na mbili zinazoweza kusomwa kinyume, toa ile moja ambayo siku na mwezi vinalingana, zidisha kwa miezi yote: siku 132 kwa mwaka. Dawa ni kuandika mwaka kwanza, 2025-03-05, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza tangu 1988. Mtindo huo haupendezi machoni, lakini hausomeki kwa namna mbili.

Na kama unadhani hili ni tatizo la vikundi vya mtaani, wanasayansi wa vinasaba waliteseka miaka mingi na tabia hiyohiyo ya Excel ya kubuni tarehe. Walikuwa na jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1. Excel ikaziona, ikazigeuza tarehe mosi Machi na tarehe mosi Septemba. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina: sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Wanasayansi ndio walionyoosha mikono.

Waturuki nao wana yao. Kwa Kituruki herufi i yenye nukta, ikiandikwa kubwa, hubaki na nukta yake: İ. Programu zilizozoea kulinganisha maneno kwa kuyageuza kuwa herufi kubwa zilikuwa zikifika kwenye kompyuta ya Mturuki zinavunjika, maana neno lenye i halikulingana tena na lenyewe. Kosa lilikaa kwenye mantiki ya programu yenyewe.

"Tovuti inajua nilipo, kwa hiyo inajua lugha yangu"

Mahali ulipo na lugha unayosema havijawahi kuwa kitu kimoja, mwulize kijana yeyote wa Pwani anayefanya kazi Doha, anayefunguliwa kurasa za Kiarabu kila akishika simu. Kila kivinjari kikiomba ukurasa hutuma pia orodha ya lugha za mtumiaji kwa mpangilio wa anavyozipenda, kwa mfano sw-TZ, kisha sw, kisha en. Tovuti yenye adabu huifuata orodha hiyo. Isiyo na adabu huangalia anwani ya mtandao, inakisia nchi, inakupa lugha ya nchi. Orodha unaibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio ya kivinjari, na kwenye Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016 unaweza kupanga lugha kadhaa badala ya moja. Ipange.

Orodha ya namna hiyo ndiyo inayoeleza pia ile skrini ya chotara, kitufe kimoja "Ghairi" na cha pembeni yake Kiingereza. Programu hutafuta kila sentensi peke yake: kwanza sw-TZ, ikikosa inashuka kwenye sw, ikikosa tena inaangukia lugha ya asili ya programu. Mtafsiri akiacha sentensi kumi, kumi hizo zitatoka kwa Kiingereza. Mara nyingi hata si mtafsiri. Ni kitufe kilichoongezwa wiki iliyopita na hakuna aliyemwambia.

(Kuhusu "Ghairi": vijana wengi huniambia hawajawahi kulisikia nje ya simu. Watu wa Pwani wanalo. Nimeghairi safari, yaani nilikusudia nikaacha. Kwa kazi ya kitufe kile sijaona neno linalokaa vizuri zaidi.)

"Bendera moja, Kiswahili kimoja, faili moja ya tafsiri"

Kwenye orodha ya lugha mtu anaweka bendera ya Kenya kuwakilisha Kiswahili, Mtanzania ananuna. Anaweka ya Tanzania, wa Kenya wananuna, na mtu wa Bukavu hakuulizwa kabisa. Lugha haina bendera. Iandikwe jina lake, kwa lugha yenyewe: Kiswahili.

Tofauti za maneno watu wanazijua: mwanafunzi wa Kenya amesoma tarakilishi kwenye kitabu, wa Tanzania anasema kompyuta, mmoja ana nenosiri, mwingine ana nywila. Hayo yanavumilika; kila mtu anamwelewa mwenzake, na mimi binafsi nikipewa uhuru huandika kompyuta kila mahali. Hatari iko kwenye alama za namba. Data za sw-TZ na sw-KE hutumia mkato kutenga maelfu na nukta kwa desimali: 1,500.75. Data za sw-CD hufanya kinyume: nukta kwa maelfu, mkato kwa desimali, 1.500,75. Mfanyabiashara wa Kigoma akimtumia wa Uvira bei ya 1.500, mmoja anasoma moja na nusu, mwingine anasoma elfu moja na mia tano. Ziwa ni lilelile.

"Ukibadilisha eneo, pesa nazo zinabadilishwa"

Alama ndiyo inayobadilika. Kwenye lahajedwali, kiasi kilichopewa muundo wa sarafu ya mfumo kinaweza kugeuka kutoka Sh 50,000 hadi $50,000 kwa kubadilisha eneo tu, na hakuna senti iliyohama. Hakuna programu ya kawaida inayokwenda kuuliza viwango vya benki kwa sababu umebadilisha mpangilio.

Upande wa malipo kuna mtego ambao mtumiaji haoni. Mifumo mingi hutuma kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu ili kukwepa desimali. Kiwango cha ISO 4217 kinasema shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina desimali mbili, ingawa ukitoa senti sokoni Kariakoo watakuangalia mara mbili. Shilingi ya Uganda haina desimali. Faranga za Rwanda na Burundi hazina. Rial ya Oman ina tatu, kwa kuwa imegawanywa baisa 1,000. Aliyejifunzia kwenye dola huzidisha kila kitu kwa 100 na kulala. Akifika Kampala amemtoza mteja mara mia, akifika Muscat amemtoza sehemu ya kumi.

"Kutafsiri programu ni kubadilisha maneno"

Mteja huniletea orodha: neno la Kiingereza kushoto, nafasi tupu kulia, jaza. Kwenye orodha kuna "Open". Je, ni kitufe cha kufungua, au ni duka liko wazi? Orodha haisemi. Ndipo unapokuta ramani inayokuambia kuhusu duka la dawa: "Fungua". Kana kwamba wewe ndiye mwenye funguo.

Kigumu zaidi ni sentensi zilizokatwa vipande. Mtengenezaji anaandika: idadi, kisha jina la kitu, kisha "mpya", akiamini programu itaviunga. Kwa Kiingereza vinaungana. Kwa Kiswahili: picha mpya, kitabu kipya, vitabu vipya, gari jipya, magari mapya, watu wapya, mahali papya. "Mpya" ni neno moja kwenye orodha yake na maneno saba kinywani mwangu. Na kitenzi nacho kinafuata: picha zimefutwa, vitabu vimefutwa, ujumbe umefutwa. Faili, usiniulize, kuna wanaosema faili imefutwa na wanaosema faili limefutwa, na kila kambi ina walimu wake.

Mifumo ya kisasa inajua kwamba lugha hazihesabu sawa. Kijapani kimewekewa umbo moja, Kiarabu sita, na Kiswahili kimewekewa mawili, umoja na wingi. Kwa hesabu ni kweli, mawili yanatosha. Ngeli ndizo hazina safu kwenye jedwali lile. Kwa hiyo watafsiri tumejifunza kukwepa. Badala ya "Una vitabu vipya viwili" tunaandika "Vitabu vipya: 2", tarakimu ikaokoa jahazi, kwa kuwa 2 haina kiambishi: ni wawili, viwili na mawili kwa pamoja. Ukikuta programu ya Kiswahili inaongea kama risiti, mara nyingi ni mtafsiri aliyekuwa anakimbia ngeli.

Kuna mahali pamoja tunawacheka wenzetu. Ile sentensi ya "fulani amebadilisha picha yake" inawatesa Waingereza na Waarabu kwa sababu ya jinsia ya mtu. Sisi "amebadilisha" ni mtu yeyote na "yake" ni ya yeyote.

"Haya yote yanaamuliwa na kampuni kubwa huko Marekani"

Nusu ni kweli. Sehemu kubwa ya data ninazozitaja, majina ya miezi, vipindi vya siku, siku ya kwanza ya wiki, inatoka kwenye ghala moja liitwalo CLDR, linalosimamiwa na Unicode Consortium. Android inalitumia, na Apple, Microsoft na Google vilevile. Lakini data zenyewe huingizwa na watu kupitia tovuti ya ghala hilo, wanapendekeza na kupiga kura, wakiwamo wa kujitolea, katika vipindi maalumu vya kukusanya maoni. Jina la mwezi likikosewa huko, linakosewa kwenye mamilioni ya simu kwa mpigo, likisahihishwa, hivyohivyo.

Wala si kwamba Waswahili walikaa wakisubiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili ambayo yeyote angeweza kuichukua bure. Watu walikaa wakabishana neno kwa neno. Menyu nyingi za leo zinatembea juu ya mabishano ya aina hiyo.

"Kiswahili hakina herufi za ajabu, kinaingia popote"

Ni karibu kweli. Tukiacha Kiswahili cha hati za Kiarabu, kilichoandikwa Lamu na Unguja karne nyingi na ambacho programu chache hukijali, abjadi yetu ni ya kawaida kabisa. Isipokuwa ile alama ndogo ya ng'.

Mkenya anayeitwa Ng'ang'a anaijua shida hiyo. Fomu moja inamwambia jina lake lina herufi zisizoruhusiwa. Nyingine inalipokea, kisha inamwandikia barua iliyojaa mikwaju ya nyuma (\) katikati ya jina. Ya tatu inaikata alama kabisa na kumwita Nganga, ambalo ni jina la mtu mwingine. Fomu hizo zinaiona alama ile kama alama ya kufungia nukuu. Hakuna aliyeziambia kwamba huku ni sehemu ya sauti.

Na alama yenyewe ina sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda, ambazo jicho halizitofautishi na mtandao wa simu unazitofautisha vizuri sana. Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160 kwa mpangilio wa zamani wa GSM. Alama iliyonyooka imo kwenye mpangilio huo. Iliyopinda haimo, na ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia mpangilio mwingine wenye nafasi 70, au 67 kwa kila kipande ukikatwa.

Niliwahi kuitwa na kikundi cha wafugaji waliokuwa wanatuma tangazo la chanjo kwa wanachama 300. Maneno yalikuwa na herufi 150 hivi, lakini salio lilikuwa likikatwa la jumbe 900. Walikuwa wameshagombana na muuzaji wa jumbe, wakashuku wizi. Nikafungua tangazo lenyewe, lililoandikwa kwenye programu ya kuandikia barua, ile inayopinda alama kwa urembo. Neno la pili lilikuwa ng’ombe. Nikafuta kile kijimkia, nikaandika kilichonyooka, tukatuma tena. Zikatoka 300.